Tunacheza Tu

Ni usiku wa Jumapili. Vyombo vimekwisha kuoshwa, watoto wamelala, na swali aliloniuliza Baba Ijumaa ya juma lililopita bado linanizunguka kama lilivyonizunguka nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya kidato cha tatu, nilipokuwa ndani ya daladala, na hata nilipokuwa nimesimama kwenye swala. Katika juma hilihili Baba Salim ameletewa barua ya uhamisho wa kwenda Mtwara na mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike salama salimini, mambo ambayo kwa haki yake yangestahili kuandikwa kwanza, lakini nimejaribu mara mbili kuyaanza na nimeshindwa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba Baba alihamia kwetu hapa Morogoro baada ya kumzika Mama, na kwamba nyumba ya Pangani sasa inaangaliwa na kaka yangu. Nilichokuwa sijakiandika ni jinsi jioni zilivyokuwa ndefu kwake. Baada ya isha alikuwa akitoa kiti barazani, akakaa akilitazama geti, na kila nilipomwuliza kama anahitaji kitu alinijibu kuwa hana haja. Mtu aliyeshika randa na patasi kwa zaidi ya miaka arobaini hawezi kukaa mikono mitupu namna ile bila kuumia, nami nilishindwa kuendelea kumtazama. Ndipo nilipoamua kwamba kila Ijumaa usiku runinga itazimwa na sote tutakaa meza moja tucheze.

Kuchagua mchezo wa nyumba ambayo mdogo wake ana miaka 6 na mkubwa wake ana miaka 74 si jambo jepesi. Nilianza na Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, kwa sababu Salim yuko kidato cha pili na Kiingereza kinampa taabu, kisha nikaona kwamba Baba atabaki mtazamaji, basi nikasema tuicheze kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mwalimu wa lugha alipaswa kuliona mapema. Seti ya Kiingereza ina vigae 100. Kati yake E ni 12 na A ni 9, W ni mbili, na K ni moja tu, nayo ina thamani ya alama 5 kana kwamba ni kitu adimu. Sisi kila kitenzi tukikitaja kinaanza na ku-, watu wetu wote wanaanza na wa-, na maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na irabu yenyewe mara nyingi ni A. K ile ya pekee Salim alikuwa amekwisha kuitumia katika zamu ya kwanza. Baba alibaki na Q na X mbele yake, herufi ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, akazigeuzageuza vigae vyake kwa kidole gumba kama anavyoukagua ubao, halafu akasema kwa upole, “Hizi herufi zimekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.” Hatukuimaliza.

Keram ya jirani tuliirudisha baada ya siku moja, kwa kuwa Tunu, mdogo wetu wa mwisho, hafiki katikati ya ubao. Ndipo nikanunua ludo sokoni, nikaamini kwamba nimepata. Baba Salim, ambaye hupenda asili ya mambo, aliwaeleza watoto kwamba mchezo huu ulisajiliwa Uingereza mwaka 1896 lakini mzizi wake ni pachisi ya Wahindi. Mimi nilikuwa nimeuchagua kwa sababu moja tu: dadu haina mkubwa wala mdogo. Bila sita kete haitoki, uwe unajua kusoma au hujui, na Tunu anaweza kumshinda babu yake kwa halali. Nilidhani kwamba usawa huo ndio tuliokuwa tukiuhitaji.

Tulicheza Ijumaa tatu. Ijumaa ya pili Baba alisogeza kete ya binti yangu Rehema, ya kijani, badala ya yake ya buluu, na watoto walipotaka kulalamika niliwakonyeza wanyamaze. Ijumaa ya tatu alirudia kosa lilelile, nami nikawakonyeza tena. Baadaye usiku ule nilipata tano, na kete yake ilikuwa imekaa hatua tano hasa mbele ya kete yangu, ikiwa imebakiza kidogo tu ifike nyumbani. Kwa kanuni ilinipasa niile, irudi mwanzo. Nilisogeza kete nyingine. Nilikuwa nimefanya hivyo haraka, na nilijiambia kwamba hakuna aliyeona, lakini nilipoinua uso niliona kwamba Baba hakuwa akiutazama ubao bali mkono wangu.

Alisubiri mchezo uishe. Alishinda. Tunu alimpigia makofi. Baba akazikusanya kete zake nne, akazipanga moja baada ya nyingine ndani ya boksi, kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti:

“Mwanangu, hivi nyinyi mnacheza nami, au mnanichezesha?”

Nikamjibu, “Tunacheza tu, Baba.”

“Haya,” akasema, akainuka, akaenda kulala.

Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Nimeyapitia maneno hayo machache siku tisa mfululizo na kila siku nakuta mahali pengine panapouma. Kwanza ni kile kitenzi. Mtoto mchanga huchezeshwa: unampigia vidole, unaficha uso kwa khanga kisha unaufunua, naye anacheka kwa sababu hajui kwamba wewe ndiye unayeendesha kila kitu. Mwamuzi naye huchezesha mpira, naye hagombei ushindi na mtu yeyote. Baba hakunituhumu kwa kumdanganya wala kwa kumdharau. Alichukua kitenzi kimoja na akakiongezea kiambishi, na ndani ya kiambishi hicho akaweka mambo yote niliyokuwa nimeyafanya mezani tangu Ijumaa ya kwanza. Ninafundisha mnyambuliko wa vitenzi mwaka wa kumi na tano sasa. Sijawahi kusikia kauli ya kusababisha ikitumika kwa usahihi mkali namna ile.

Kisha ni jibu langu. Ningemjibu “tunacheza” nikaishia hapo, huenda lingepita. Ile “tu” ndiyo iliyonisuta. Mtu husema “tunacheza tu” anapotaka jambo lisihesabiwe, na Baba alikuwa akiniuliza kama yeye bado anahesabiwa. Ndiyo maana alisema “haya” na si neno lingine. Alikuwa amejibiwa.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikuchagua bao tangu mwanzo, maana nimekwisha kuandika hapa kuhusu baraza la Pangani na wazee waliokuwa wakilikalia kuanzia alasiri hadi magharibi. Ukweli ni kwamba bao halikunijia akilini kama kitu ambacho mimi naweza kukileta. Kaka zangu wawili walifundishwa. Mimi nilikuwa nikipita na sinia la kahawa, nikisikia kete zikidondoka, nikiona wazee wanavyonyamaza mtu mmoja anapokaribia kufungwa, kisha ninarudi jikoni. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyenikaribisha. Mwanamke wa miaka 41 mwenye shahada na madarasa manne ya kufundisha anaweza bado kuamini, bila hata kujua kwamba anaamini, kwamba kuna ubao fulani duniani usiomhusu.

Jumatatu nilimpigia kaka simu, na Alhamisi nikaenda stendi kupokea kiroba. Bao lenyewe ni la mninga, Baba alilichonga kwa mikono yake kabla sijazaliwa: safu nne za mashimo manane manane, na yale mashimo mawili ya mraba tunayoyaita nyumba, moja la kila mchezaji, yakiwa yamechongwa kwa unadhifu kiasi kwamba pembe zake bado zinashikika kwa kidole. Komwe, mbegu zinazotumika kama kete, zilikuwa ndani ya kopo la maziwa. Baba alizihesabu mezani akakuta 61, akaomba mbegu tatu za mkwaju kutoka jikoni, akakamilisha 64. Sikumwambia neno lolote kuhusu Ijumaa, naye hakuuliza kwa nini nimeliagiza.

Nilitarajia amwite Salim. Aliyekuja kukaa ni Rehema, kwa sababu alipenda jinsi komwe zilivyo laini, na Baba akamwacha akae. Hakumwanzishia bao lenyewe, ambalo kila mchezaji huweka kete 10 tu ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani yake, akabaki na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Alimwanzishia bao la kujifunza: kete mbili katika kila shimo, mkono mtupu, kila kitu kikiwa wazi. Akamwonyesha jinsi ya kusambaza, jinsi kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete safu ya mbele, na shimo la mwenzako linalolikabili nalo likiwa na kete, unavyozila na kuzianzishia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu yako ya mbele. Na kwamba ikiangukia shimo tupu umelala, na zamu ni ya mwenzako. Akasema hayo mara moja tu. Kisha wakacheza.

Alimfunga mara nne mfululizo. Mara ya tatu mtoto alitaka kurudisha kete akazisambaze upande mwingine, Baba akatikisa kichwa. Mara ya nne niliona midomo ya Rehema inaanza kutetemeka, na mimi, ambaye kwa siku saba nilikuwa nimejichunguza usiku na mchana, nilifungua kinywa nikasema, “Baba, si umwachie japo mara moja?”

Hakuinua uso. Alikuwa akipitisha kidole juu ya mashimo yake, akihesabu.

“Mimi simchezeshi,” akasema. “Ninacheza naye.”

Sijui kama alikumbuka. Sauti yake haikuwa na kisasi wala fundisho. Ilikuwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kuhusu kazi iliyo mbele yake. Rehema aliifuta pua kwa mkono wa gauni, akaweka kete mbili mbili upya bila kuambiwa, akasema, “Babu, kesho nitakufunga,” na Baba akamjibu kwa uzito uleule anaomjibia mtu mzima, “Inshallah, lakini itakubidi uangalie kichwa chako cha kushoto.” Nilitoka nikasimama uani kwa muda, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile kifua changu kuwa chepesi. Tangu mwezi wa msiba sijamwona Baba akimwambia mtu “kesho”.

Jumamosi usiku, watoto walipokwisha kwenda kulala, aliniita. “Na wewe kaa.” Hakusema zaidi. Akanipangia kete 10, akanipa 22 mkononi, akaniambia nisiivunje nyumba yangu mapema. Alinimaliza kabla sijanamua hata nusu ya kete zile, nami nilifurahi kufungwa kuliko nilivyofurahi siku nyingi kwa jambo lolote, kwa sababu kila kete aliyonila aliila kwa dhati. Nilimwandalia kahawa, tukainywa sote wawili huku ubao ukiwa katikati yetu. Mambo ya ludo hatukuyataja. Ludo yenyewe iko juu ya kabati, na Tunu ameruhusiwa kuicheza na wenzake.

Ningeishia hapo, lakini jioni ya leo imetokea jambo dogo ambalo limenizuia kwenda kulala. Walikuwa wakicheza barazani, taa ikiwa imewashwa, Baba akisambaza. Kete moja aliidondosha juu ya ukingo kati ya mashimo mawili, ikaviringika, ikaingia chini ya kiti. Aliendelea kusambaza. Rehema ndiye aliyeiokota, na alipomwekea mkononi Baba alishtuka kidogo, akacheka, akasema kuwa upepo umeichukua. Hakukuwa na upepo. Tangu Alhamisi nimekuwa nikitazama jinsi anavyopitisha kidole juu ya kila shimo kabla ya kucheza, nikaona ni umahiri wa wachezaji wa zamani, na huenda ni hivyo. Lakini baada ya wao kulala nililishusha boksi la ludo, nikazitoa kete za kijani na za buluu, nikazipanga chini ya taa ileile ya barazani, nikazitazama kwa muda mrefu. Mimi nazitofautisha bila taabu.

Mama yake Baba alikuwa na mtoto wa jicho, na kwa kumbukumbu zangu alikaa nao miaka kadhaa kabla hajamwambia mtu. Kesho nina vipindi hadi saa tano asubuhi, Baba Salim yuko kwenye shughuli za uhamisho, na mpaka sasa sijapata sentensi ya kumwambia Baba kwamba nataka twende akapimwe macho.