Siku Tuliyohesabu Mapigo ya Moyo

Tulikuwa chuo cha ualimu, na ratiba ilionyesha somo la mzunguko wa damu. Mwalimu wetu wa elimu ya afya, mama wa makamo aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kushika chaki, alituambia tufunge madaftari, tutulie, kila mmoja atafute mapigo kwenye kifundo cha mkono wake na kuyahesabu kwa dakika nzima. Yangu yalikuwa 74.

Kisha akafungua daftari la mahudhurio. "Nitaita jina moja. Nitakayemwita atasimama hapa mbele aeleze yote tuliyosoma muhula huu, bila kuangalia popote." Akawa anashusha kidole kwenye orodha, polepole mno. Hakumwita mtu. "Haya, hesabuni tena."

102. Viganja vimelowa, kinywa kimekauka, na tumbo langu, lilelile la siku za mitihani, limeanza kusokota.

"Kuna aliyeinuka kitini?" akauliza. Hakuna. "Basi nani kaupandisha moyo wako?"

Hapo ndipo alipoanza kufundisha. Ubongo ulisikia maneno, ukayachukulia kuwa hatari, ukapeleka ishara kwa neva hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Adrenalini, homoni ya tezi hizo, ikamwagika kwenye damu, moyo ukaenda mbio, damu ikakimbilia misuli, kazi ya kumeng'enya chakula ikawekwa kando. Alimtaja Walter Cannon, mwanafiziolojia, yaani mtaalamu wa utendaji wa mwili, wa Marekani aliyechunguza paka kwa eksirei akaona tumbo likiacha kusukuma chakula mnyama anaposhtuka, na ambaye mwaka 1915 alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Nimesikia masomo mengi ya afya yakipitia mambo hayo kwa kukariri. Siku ile ushahidi ulikuwa umeandikwa kwenye madaftari yetu kabla ya nadharia, na naamini hivyo ndivyo somo hili linavyopaswa kufundishwa.

Nikanyoosha mkono. Tangu utotoni, kila mtihani ulipokaribia, tumbo liliniuma hadi nikajikunja, na watu walionipenda kwa dhati waliniambia sina kitu, ni mawazo tu. "Mwalimu, kumbe maumivu yale hayakuwa ya kweli?"

"Mwanangu, utumbo ukijikaza umejikaza. Hata kama chanzo ni hofu, anayeumia ni wewe."

Machozi yalinitoka mbele ya wenzangu, wala sikuyaficha.

Mwenzangu mmoja akadakia: kwa hiyo magonjwa yote yanatoka kichwani? Mwalimu alikataa kwa ukali ambao hatukuuzoea. Alikumbusha kwamba vidonda vya tumbo vilisingiziwa wasiwasi kwa miaka mingi, hadi Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipomgundua bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya vidonda hivyo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. "Mgonjwa wa namna hiyo ukimwambia apunguze mawazo, ukaishia hapo, umemnyima dawa." Akanigeukia: nikapimwe kwanza, ndipo tuzungumze habari za hofu.

Kabla ya kengele alituelekeza kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Unapotoa pumzi, neva ya vegasi, itokayo kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni, huupunguzia moyo kasi. Tukahesabu tena, yangu yalikuwa yameshuka hadi 80.

Likizo ilipofika nikaenda kupimwa. Vidonda havikuonekana, wala bakteria. Daktari aliandika "msongo wa mawazo" kwenye faili langu, kisha akanitazama kana kwamba anasubiri nikasirike. Nilimwomba anieleze unavyotibiwa, kama ambavyo ningemwuliza kuhusu figo au mapafu yangu, naye akasogeza kiti akaanza kunieleza.