Tungule za kuning'inia, kichwa chini

Nyumba nyingi za hapa Mombasa hazina hata kishamba, una baraza na kijiuwanja cha kuanikia nguo, basi. Lakini boriti ipo, na kwenye boriti ndo tungule zangu, yaani nyanya, ziko, zaning'inia kichwa chini kwenye ndoo na zazaa mashallah.

Unachukua ndoo ya lita 20, ya mafuta ya kupikia ndo bora, unatoboa tundu kwa kitako upana wa sentimita 5 hivi. Mche uwe wa shibiri moja. Majani unayapitisha chini polepole, mizizi ibaki ndani, halafu shina unalizungushia kipande cha sponji ulichokipasua hadi katikati ili udongo usimwagike, ndo ujaze. Tundika kwanza kisha ujaze, maana ikishalowa yapita kilo 20 na mkono hauna nguvu hiyo, na ndoano iwe ya kuingia kwenye boriti si kwenye dari. Mimi nachanganya udongo na samadi ya mbuzi ilooza na makumbi ya nazi nilochambua, yapunguza uzito na yashika maji, ila yaroweke na uyasuuze kwanza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, makumbi yana chumvi.

Usishangae shina likijikunja kurudi juu kama ndoana. Mmea wajua juu ni wapi, uachie, usiufunge. Matunda yakija uzito wayavuta chini wenyewe, huhitaji vijiti wala kamba. Ndo maana nasema panda zile cheri ndogo ndogo, zile kubwa za kachumbari zavunja matawi.

Ndoo hata ukiiweka chini yakusaidia kuepuka mnyauko, ule ugonjwa wa udongoni ambao mmea wanyauka na bado ni kijani kabisa. Ukitaka kuujua kata shina, litie kwa gilasi ya maji safi, utaona uzi mweupe kama tui washuka. Ukiona hivo hapo usipande tungule, biringani wala pilipili, vijidudu vyake hukaa udongoni miaka. Kutundika kwaongeza nafasi, na konokono hafiki.

Sasa joto. Usiku ukipita kama digrii 24 maua yapukutika bila kushika tunda, na hapa kaskazi, Januari mpaka Machi, usiku ni moto tu, watu wasema mbolea haifai kumbe ni joto. Mimi nasia mbegu Aprili, maua yaje Juni na Julai kwenye baridi yetu. Lakini kusi nao wavuma, tundika upande ulokingwa na ukuta, upepo kidogo ni mzuri kwa sababu watikisa maua na ua la tungule lajichavusha lenyewe.

Maji ndo kazi yenyewe, ndoo ya juu yakauka haraka sana, siku za jua kali mwagilia asubuhi na jioni. Ya kisima cha chumvi hapana, kinga maji ya mvua au nunua maji baridi. Ukimwagilia leo ukaruka kesho tungule zaoza kitako zawa nyeusi, kwa sababu kalsiamu husafiri na maji, yakikatika haifiki kwa tunda. Juu ya ndoo mimi hupanda dania, yatia kivuli udongo usikauke, na dania ikilala tu, hata kama ni mchana, natia maji.