Maji Yanayokuja Bila Wingu

Basi la usiku kutoka Nairobi hadi Lodwar sitalisimulia. Kiti kilikuwa kibovu na nauli haikulingana nacho. Kilichonikaa moyoni ni ile asubuhi tuliyokwama kwenye laga, mto wa mchanga usio na maji ila mvua inyeshapo, njiani kuelekea Eliye Springs, ufukweni mwa Ziwa Turkana.

Gari letu, Probox, lilizama mchangani. Dereva, aliyekwisha nitoza bei ya mgeni, akadai nyongeza kabla hajashika koleo. Nililipa, hasira zimenijaa, nikaenda kukaa chini ya mkoma. Hapo nikamkuta mzee amekalia ekicholong yake, kigoda kidogo cha Waturkana, anatutazama. Nikamsalimu, nikamuuliza kama laga ile huwa na maji.

“Hii hungoja mvua, kijana wangu. Lakini mto Turkwel pale una maji aina mbili: ya mvua na ya bwawa. Ya bwawa huja bila wingu.”

Nilimwomba aeleze. Akanisimulia mafuriko ya zamani yaliyotandaza tope kingoni, migunga ikanawiri, mbuzi wakashiba maganda ya mbegu zake hata kiangazi. Mafuriko hayo yalipungua bwawa lilipojengwa.

Turkwel huanzia Mlima Elgon ukiitwa Suam, ukashuka hadi korongo la Pokot Magharibi, ambako ukuta wa mita 153 umeuzuia. Tangu 1991 mitambo yake ya megawati 106 inalisha gridi ya taifa, yaani hata taa ya chumba changu mtaani Umoja. Maji yakishatoka kwenye mitambo hukata jangwa, yakapita Lodwar na kuishia Ziwa Turkana. Ziwa halina pa kutokea. Maji hupandishwa na jua, chumvi ikabaki. Na mto Omo wa Ethiopia, unaoleta sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa, nao umefungwa kwa bwawa la Gibe III, ukuta wa mita 243. Ziwa moja, funguo zake ziko mbali na wavuvi wake.

Tulifika jioni, upepo mkali. Mbele ya maji yale yote nilinunua chupa ya maji kwa bei ya kuumiza.

Nairobi mfereji ukikauka tunauliza bwawa la Ndakaini, linalotuletea maji, limejaa kiasi gani. Sijasikia jirani akiuliza waliobaki chini ya ukuta wake, kandokando ya mto Thika, wanapata nini. Nikipata nauli nitakwenda kuwauliza.