Anatembea, Lakini Kupona Bado

Tangu dada aanze kutembea bila kushikwa mkono, simu zimepungua. Waliokuwa wakipiga asubuhi na jioni kuuliza mgonjwa kaamkaje, siku hizi wakipiga wanauliza anarudi kazini lini. Siwalaumu. Mtu alikuwa hawezi hata kufumba jicho, leo anatoka chumbani hadi sebuleni kwa miguu yake mwenyewe. Ukimwona hivyo lazima useme kashapona. Ila mimi ninayeishi naye najua kinachofuata akishafika huko sebuleni. Anakaa, anaegemeza kichwa, anafumba macho, na kwa muda mrefu hataki kuulizwa lolote.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye wiki hii kaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ndugu yake ana Guillain-Barré, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaopooza mwili, kisha akakesha na simu mkononi akisoma vitu vya kutisha. Mimi si daktari wala muuguzi. Mimi ni mdogo wa mgonjwa, basi.

Dada ni fundi cherehani, na ugonjwa aliugundua kazini kabla ya kuugundua mwilini. Alikuwa ameharisha siku chache, akapona, hakuna aliyelifikiria tena. Baadaye kidogo akaona mshono unakwenda kwa kusitasita. Cherehani yake ni ya kukanyaga, akadhani mkanda umelegea, akaukaza. Mshono ukazidi kusita. Kumbe mguu ndio uliokuwa haukanyagi sawasawa. Vidole vya miguu vilikuwa na ganzi tangu jana yake na hakumwambia mtu. Siku iliyofuata magoti yakaisha nguvu akiwa bafuni, na usiku ule ule hata kikombe kikawa kizito.

Hospitalini daktari alimgonga goti kwa kile kinyundo cha mpira. Mguu haukuruka. Akagonga la pili, kimya. Nilimwona uso ulivyobadilika, maana mgonjwa wa kiharusi hudhoofika upande mmoja, na huyu alikuwa amedhoofika pande zote mbili, tena udhaifu unapanda kutoka chini. Wakamchoma sindano mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo: protini ilikuwa juu, lakini seli nyeupe hazikuongezeka. Kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu kikamalizia.

Tulivyoelezwa ni hivi. Kinga ya mwili inapigana na kijidudu fulani, mara nyingi cha tumbo au cha kifua, kisha inajichanganya na kuanza kushambulia mishipa ya fahamu ya mwili wenyewe. Mishipa hiyo imefunikwa na utando wa mafuta unaofanya taarifa zisafiri haraka kutoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Utando ukiharibika, amri haifiki. Misuli ni mizima, ubongo ni mzima, kati yao hapapitiki. Kijidudu kinachotajwa zaidi ni Campylobacter, kile cha kuharisha. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, na ni nadra: mtu mmoja au wawili katika kila watu laki moja kwa mwaka. Waliouandika mwaka 1916 ni Wafaransa watatu, Guillain, Barré na Strohl, baada ya kuwachunguza askari wawili. Strohl ndiye aliyeshughulika na vipimo vya umeme, na ndiye ambaye jina lake liliachwa. Dada aliposimuliwa hilo, siku nyingi baadaye, alisema hata nguo ikipendeza hakuna anayemuuliza aliyepiga pasi.

Siku za mwanzo usizitumie kuuliza atatembea lini. Angalia pumzi. Muuguzi alikuwa akimwambia avute hewa na kuhesabu kwa pumzi moja, na kila alipokuja tena dada alikomea mapema zaidi. Hakuwa akihema, hakuwa akilalamika, kwa macho ungesema anapumua vizuri. Hesabu ndiyo iliyosema ukweli, na ndiyo iliyofanya wamhamishie ICU, wodi ya mahututi, mapema badala ya kusubiri azidiwe. Kati ya wagonjwa wanne au watano, mmoja hufikia mashine ya kupumulia. Dada alikuwa huyo mmoja.

Dawa ilikuwa immunoglobulini, kingamwili zilizochujwa kutoka kwenye damu ya wachangiaji wengi, kwa dripu, siku tano mfululizo. Njia nyingine ni kuchuja plazima, yaani maji ya damu, ya mgonjwa kwa mashine. Zote mbili zinafanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana, na zote zinafaa zaidi zikiwahi. Hazirudishi nguvu siku ile ile. Zinapunguza mashambulizi. Ndugu yetu mmoja alishikilia kwamba madaktari wamemnyima steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, akaja na jina la dawa kaliandika kwenye karatasi. Daktari alimjibu kwa upole kuliko ambavyo ningeweza mimi: kwa ugonjwa huu steroidi zimejaribiwa na hazikusaidia.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotamani kila anayeingia wodi ile alijue. Mgonjwa aliyepooza kwa ugonjwa huu anasikia. Anasikia kwa masikio, akili yake timamu, na mara nyingi anasikia maumivu makali kwenye miguu ile ile isiyoweza kusogea. Watu walikuwa wakisimama kando ya kitanda wakizungumza habari zake kana kwamba hayupo, huku wakimpigapiga miguu kumfariji.

Kwa kuwa alikuwa na mpira kooni na uso umelegea, tulibaki na macho tu: akiangalia juu ni ndiyo, akiangalia chini ni hapana. Wodini walikuwa na ubao wa herufi, A hadi Z, unanyoosha kidole herufi moja moja. Unachosha hadi unataka kulia. Kiswahili hakina haja ya mateso hayo. Nilichukua karatasi ngumu nikaandika konsonanti ubavuni, pamoja na ch, sh, ng' na wenzake, na a e i o u juu. Nashuka na konsonanti, ananisimamisha kwa macho, napita kwenye irabu, ananisimamisha tena, silabi imepatikana. Silabi mbili ni neno. Neno lake la kwanza lilikuwa shu-ka. Nikadhani anasikia baridi, nikamvuta shuka juu. Macho chini, chini, chini. Tukaendelea: vi-do-le. Shuka ilikuwa inagusa vidole vya miguu na kumuunguza. Mguso wa kitambaa. Muuguzi akakata boksi la kadibodi, tukalisimamisha mwisho wa kitanda, shuka ikapita juu yake bila kumgusa. Usiku huo dada alilala.

Kope hazikuwa zinafunga, kwa hiyo macho yalikuwa yakipakwa mafuta na kufungwa kwa plasta usiku yasikauke. Aligeuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia. Alichomwa sindano za kuzuia damu isigande miguuni. Presha ilikuwa inapanda na kushuka bila mpango, kwa sababu hata mishipa ya fahamu inayoendesha moyo na mishipa ya damu inaguswa. Hayo ni ya wauguzi, na waliyafanya. La kwetu lilikuwa ubao na kusema naye kama mtu.

Udhaifu hufika mwisho wake ndani ya wiki nne, mara nyingi mbili. Kisha unasimama palepale, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote kwa ndugu, maana hakuna kinachotokea. Halafu siku moja bega likatikisika. Nguvu kwa kawaida hurudi kwa kugeuza njia: kilichoondoka mwisho kinatangulia. Dada alianza uso, shingo, mabega, mikono; nyayo ni za mwisho, na hadi leo hazijamaliza.

Kwa nini nyayo? Utando ukiharibika peke yake, hujirudishia kwa wiki au miezi. Lakini kipimo cha dada kilionyesha baadhi ya nyuzi zenyewe za ndani zimekatika, na uzi ukikatika hukua upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Dada alipolisikia hilo, akiwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, aliniagiza futi yake ya ushonaji. Nikapima kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu. Ilivuka mita moja. Akapiga hesabu kichwani, kazi ambayo ameifanya maisha yake yote, akakunja futi: "Karibu miaka mitatu. Basi tusiharakishane, mdogo wangu."

Hilo ndilo linalowashinda watu. Mgonjwa akiwa kitandani, kila mtu anaelewa. Akisimama, wanataka atembee. Akitembea, wanataka akimbie. Mtaalamu wa mazoezi alitupa kipimo kimoja: ukitaka kujua kama zoezi la leo limezidi, mwangalie kesho. Akiamka dhaifu kuliko jana, mlizidisha. Misuli ambayo mishipa yake haijapona haikomazwi kwa kulazimishwa. Na uchovu ni kitu kingine kabisa, hauendi sambamba na nguvu. Mkono unaweza kunyanyua chupa iliyojaa, na mwenye mkono akashindwa kusuka nywele zake kwa sababu mwili umezimika. Kuna watu wanabaki na uchovu huo miaka mingi baada ya kila kipimo kusema wazima. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikaze ni kumtukana.

Kumnyanyua nako kuna namna yake. Usimvute mikono, bega lililolegea huchomoka. Tulikuwa tunamfunga mkanda mpana kiunoni, nashika mkanda, napachika magoti yangu mbele ya magoti yake yasikunjike, na yeye ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu. Akikataa kuhesabu, hatunyanyuki. Usiku anavaa kifaa cha kushikilia nyayo zisining'inie, la sivyo kano za nyuma hukazana na siku nguvu itakaporudi hakuna kifundo cha kuitumia.

Jambo la kuogeshwa sitaliandika sana, yeye atasoma. Niseme tu kwamba ndiye aliyenifundisha kuoga nikiwa mdogo, na ndiye aliyevunja ukimya siku ya kwanza kwa kuniambia sijasugua vizuri nyuma ya masikio, tabia ile ile tangu utoto. Lililomuudhi zaidi ya kuoga ni wageni kuniuliza mimi. "Anakula?" "Analala?" Yeye kakaa pale pale. Siku moja akamwambia mama mkubwa, kwa heshima zote, "Niulize mimi, mama. Mdomo umerudi."

Takwimu zinatia moyo, na nilizishikilia: kati ya wagonjwa kumi, kama wanane hutembea wenyewe ndani ya miezi sita. Wachache hufariki, na wachache hubaki na ulemavu. Ugonjwa kurudi tena hutokea kwa watu wachache sana katika kila mia. Lakini kutembea ndicho kitu kinachohesabika kirahisi. Hakuna anayepima kama ncha za vidole zinajua sindano iko wapi. Dada ameanza tena kutia vifungo na kushona pindo kwa mkono, akiwa anaangalia sindano muda wote, kwa sababu vidole havimwambii imemchoma au la. Amekwisha kutia doa la damu kwenye kitambaa cheupe bila kuhisi chochote. Wapo waliomshauri anunue cherehani ya umeme. Wamesahau kwamba hata hiyo inaendeshwa kwa kukanyaga, na inataka mguu unaojua kukanyaga taratibu, sio tu mguu wenye nguvu.

Ukitaka kusaidia familia yenye mgonjwa huyu, njoo mwezi wa tano, wa nane tangu augue. Mwezi wa kwanza tuna watu hadi wanakosa viti. Kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali, mwombe mtaalamu wa mazoezi akuonyeshe kumgeuza, kumnyanyua na kumkalisha, nawe ufanye mbele yake hadi akubali. Na gawaneni zamu kwa maandishi, sio kwa kusema "tutasaidiana", maana hapo atabaki mmoja.

Kwetu kaka ndiye anashika Jumamosi na Jumapili. Ana moyo mzuri na papara nyingi. Alipochukua zamu mara ya kwanza alibandika ukutani ratiba ya mazoezi, asubuhi, mchana na jioni, kwa rangi tatu. Nilirudi Jumatatu nikakuta ukuta mtupu. Dada alikuwa ameibandua mwenyewe, amesimama, mkono umeinuliwa kupita bega, plasta moja baada ya nyingine, na akamwambia kaka aiandike hiyo kuwa zoezi la wiki nzima.