Njiti nyumbani: joto, kikombe na hesabu ya wiki

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Udogo peke yake si unjiti; wapo wanaofikisha miezi tisa na bado wanatoka na kilo mbili. Wangu alikuwa wa wiki 32, tukaruhusiwa akiwa na gramu 1,800.

Kazi kubwa ni joto, kwa kuwa njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Chupa za maji ya moto sikuzigusa, zinaunguza. Nilimbeba kwa mtindo wa kangaruu usiku na mchana: nepi, kofia na soksi tu, kifua chake kwenye kifua changu, wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande. Kanga inakazwa kifuani, pindo la juu liishie chini ya sikio, ila tumboni ilegee maana anapumulia tumbo. Cha kuchunga zaidi ni shingo. Kidevu kikilalia kifua, njia ya hewa inaziba kimyakimya. Kulala nililala nimeegemea mito, na nikienda kuoga baba yake anampokea. Kifua cha mwanamume nacho kina joto. Kipimajoto cha kwapani kisome nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kikisoma chini ya hapo, mimi huanza na nepi, mara nyingi imelowa.

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja kwenye wiki ya 34 hivi, na hata hapo anachoka upesi. Kwa hiyo nilikamua. Wodini walinipangia ml 160 kwa kila kilo kwa siku: kwake ml 288, yaani ml 36 kila baada ya saa tatu, hata kama amelala. Kikombe kidogo kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, alambe mwenyewe. Ukimmiminia anapaliwa, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni.

Akikataa maziwa mara mbili, akigeuka bluu mdomoni, akisita kupumua au akibaki baridi hata akiwa kifuani, ni hospitali, akiwa amefungwa vilevile.

Chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa. Kwa kukaa na kutambaa ninatoa wiki 8 alizowahi kuzaliwa (40 kutoa 32): kadi ikisema miezi sita, ninategemea mambo ya miezi minne.