Bibi na ungo wake: tulivyojaza kambi ya macho baada ya ile ya kwanza kukosa watu

Kambi yetu ya kwanza ya macho walikuja watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wanaumwa jino. Daktari bingwa kasafiri usiku kucha, wauguzi wapo, uji umepikwa masufuria mawili makubwa, mahema yamefungwa uwanja wa shule tangu jana yake. Watu tisa! Jioni nilirudi nyumbani, chakula kikanishinda.

Nayaandika haya kwa sababu juzi kijana wa klabu nyingine alinipigia simu kuuliza tumefanyaje hadi safari hii wazee sitini na kitu wamepasuliwa na kurudi kwao wanaona. Nikasikia ameshapewa ushauri uleule niliopewa mimi: "Tangazeni kwamba ni bure, watajaa wenyewe." Ushauri huo ulitupotezea mwaka mzima, na mwaka huo kuna wazee waliendelea kushikwa mkono kwenda chooni wakati dawa yao ilikuwepo. Bado unaniuma.

Klabu yetu ni ya Lions, chama cha watu wanaojitolea kusaidia jamii, huku mkoa wa Tanga. Tuko ishirini na wachache: walimu, wenye maduka, dereva wa lori, muuguzi mstaafu, mimi nauza vifaa vya ujenzi. Chama hiki kilianzia Chicago mwaka 1917, mwanzilishi wake akiwa Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima, na mwaka 1925 Helen Keller, ambaye alikuwa haoni wala hasikii, alisimama mbele ya mkutano wao akawaomba wawapiganie wasioona. Tangu hapo, klabu hata ikiwa na watu kumi na tano inajiona ina deni la macho. Sisi tumelibeba deni hilo kwa moyo wote.

Mara ya kwanza tulifanya kila kitu kwa sauti kubwa. Pikapu yenye spika ilizunguka vijijini siku tatu, muziki mbele, tangazo nyuma: Klabu ya Lions, upasuaji wa macho, bure, bure, bure. Mafuta na spika vilikula kama laki tatu hivi. Mimi ndiye niliyeandika lile tangazo na nililiona zuri kweli.

Baada ya aibu ile, mimi na muuguzi wetu tulipanda bodaboda tukarudi nyumba kwa nyumba, safari hii kuuliza tu. Hapo ndipo nilipopata elimu. Neno "bure" lilikuwa limewatisha. Mama mmoja aliniambia, "Baba, cha bure mtu hukupa mkono huu akachukua kwa mkono wa pili." Wengine walikuwa na hakika kwamba jicho linatolewa nje, linaoshwa kwenye bakuli, kisha linarudishwa, na wakati mwingine halirudishwi. Kijiji cha pili waliposikia Lions walifikiri ni Simba ya mpira, na wa Yanga wakabaki nyumbani.

Lakini neno lililonikaa moyoni lilitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa kizingitini, macho yote mawili meupe kama maziwa. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kwa nini hakuja. Akasema, "Mwanangu, mlisema siku tatu. Wajukuu wako shule, mama yao yuko shamba. Nani anishike mkono siku tatu? Na mbuzi wangu nani awafungulie?"

Sisi tulikuwa tumefikiria daktari, lensi, hema na uji. Mbuzi hatukuwafikiria.

Tukaamua kuacha mambo ya kambi kwanza, tuanze na mtu mmoja. Tulimpata bibi mmoja ambaye alikuwa haoni karibu miaka mitano, na binti yake alikuwa tayari kumsindikiza. Tukalipa nauli na gharama zote, tukampeleka hospitali kabisa. Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi: ndani ya jicho kuna lensi, ikipata ukungu ndio huo mtoto wa jicho, anaweka ganzi, anafungua sehemu ndogo, anaitoa ile lensi iliyoharibika na kuweka ya plastiki. Jicho lenyewe halitoki mahali pake. Nilimwomba ayarudie hayo mbele ya binti, polepole, maana nilijua ndiye atakayeulizwa na kijiji kizima. Kazi yenyewe haikumaliza nusu saa.

Kesho yake nilikuwepo bandeji inafunguliwa. Nilitegemea kelele, vigelegele. Bibi alikaa kimya, akafumba na kufumbua mara kadhaa, kisha akainama. Sakafuni palikuwa na kipande cha uzi mweupe, labda kilitoka kwenye ile bandeji. Akakiokota kwa ncha za vidole viwili, akakitazama, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Muuguzi akageuka ukutani akajifuta uso. Mimi pia.

Tulipokuwa njiani kurudi nikamwambia, "Bibi, siku ya gulio tungependa watu wakuone." Nilikuwa na wazo la kumpandisha kwenye pikapu aongee kwenye spika (spika ilikuwa bado haijanitoka kichwani!). Akakataa. Akasema, "Mimi si mtu wa kupiga kelele. Nipe ungo na mchele."

Sikumwelewa hadi siku ya gulio. Mpwa wake anauza mchele pale chini ya mwembe, mchele wa kienyeji wenye chuya na vijiwe. Bibi akaketi kwenye mkeka, akachota vibaba viwili, akaanza kupepeta. Kisha akaweka ungo magotini na kuanza kuchambua. Chuya moja. Kijiwe. Chuya mbili pamoja. Hakusema neno. Mama mmoja aliyekuja kununua alisimama, akamwita mwenzake. Baada ya robo saa walikuwa wanawake kama thelathini wamezunguka ule mkeka, maana kila mmoja pale alijua kwamba bibi huyu mwaka jana alikuwa hawezi hata kujipakulia. Mmoja akaingiza kijiwe kidogo kwenye ungo kwa siri, kumjaribu. Bibi akakiokota, akamrudishia mkononi: "Shika chako." Gulio zima likaangua shangwe.

Hapo ndipo muuguzi wetu alipofungua daftari. Siku ile tu tuliandika majina zaidi ya yale tuliyoyapata kwa siku tatu za spika.

Basi nikamwambia yule kijana: weka spika chini, tafuta mtu wa palepale aliyetibiwa, na usimwandikie maneno ya kusema. Tangazo lenyewe sasa hivi halina hata jina la klabu. Mwenyekiti wa kitongoji anasema tu "matibabu ya mtoto wa jicho, gari litakuja mlangoni", na msikitini na kanisani wanasema hivyohivyo. Kila jina kwenye daftari lina majina mawili pembeni: msindikizaji, na jirani wa kuangalia mifugo. Msindikizaji mmoja tunampa wazee watano, tunamlipa chakula na kitu kidogo. Coaster ya kukodi inatuchukua kama laki mbili na nusu kwa siku, inategemea na njia na maelewano na mwenye gari.

Pia pimeni presha na sukari huko kijijini wiki mbili kabla. Safari moja tulifikisha wazee hospitali, kumi na moja wakarudishwa bila kupasuliwa kwa sababu presha ilikuwa juu mno. Kumrudisha mzee aliyekwisha kuaga kwao ni kitu kizito. Na wapo wenye presha ya macho, ambao kilichopotea hakirudi. Hao daktari awaambie ukweli mwenyewe, nyinyi msiwape ahadi.

Jicho linalopasuliwa huwekewa plasta juu ya nyusi, nanyi hakikisheni msindikizaji anajua ni lipi. Kuhusu matone ya nyumbani, muuguzi wetu aliona wazee hawafuati saa, basi kwa wale wa kutia mara nyingi akawaambia wafuate adhana: ukisikia adhana, osha mikono, tia tone. Daktari alikubali, na chupa zikaanza kurudi tupu kama inavyotakiwa.

Kuna wanaotulaumu tukipeleka msaada mbali. Desemba 2023, maporomoko ya tope yalipoifunika Katesh kule Hanang, tulikusanya mablanketi na masufuria tukayapeleka, na watu wakauliza kwani hapa shida zimeisha. Mimi nawajibu waziwazi: mfuko wa kimataifa wa Lions upo tangu 1968, unajazwa na michango ya watu wasioijua hata njia ya kwenda Pangani, na macho mengi duniani yamefunguliwa kwa hela hizo. Sisi ni nani tufunge mkono wetu? Na hela ya hadhara, ile tunayochangisha kwa watu, yote huenda kwenye kazi. Chai ya mikutano na karatasi tunalipia kwa ada zetu wenyewe. Mtu akija kuuliza hesabu, mfungulieni kitabu hapohapo.

Kambi ijayo ni baada ya mavuno ya mpunga. Majina arobaini na moja yameshaingia, na kumi na tisa kayaleta yule bibi, ambaye naye anakuja kwa jicho lake la pili. Nilipoyasoma nikakuta kila mzee ameshaandikiwa jirani wa kufungulia mbuzi. Sikumwagiza.