Mayai mabichi hayashindi upepo wa Dodoma

Nianze na mayai, maana bado yananikera. Mwigizaji mwenzangu wa Dar es Salaam ndiye aliyenipa dawa hiyo: mayai mawili mabichi kila asubuhi, na tangawizi, sauti yako itafika hadi getini. Nikameza siku nne. Aliyefika mbali ni mimi, mbio chooni. Wenzetu wanaigiza ukumbini, milango imefungwa, feni inazunguka. Dodoma ya Julai hawaijui.

Kikundi chetu tuko saba. Tunazunguka sekondari na tamthiliya, na jukwaa letu ni uwanja wa vumbi. Mwaka huu nilikuwa Mzee Mitomingi katika Ngoswe ya Edwin Semzaba, halafu Kinjeketile wa Ebrahim Hussein.

Kongwa niliaibika. Aliyeisoma Ngoswe anajua kinachosubiriwa: mzee anagundua karani wa sensa kamrubuni bintiye, anazichoma karatasi zote. Nilikuwa nimekesha nazichora mistari, karibu rimu nzima. Nikawasha kiberiti, kikazimika. Cha pili, kikazimika. Cha tatu nikakikinga kwa kanzu, nusura niungue mwenyewe. Ukaja upepo mmoja, ukazibeba karatasi zote. Nyingine zilikwama kwenye michongoma, nyingine mbuzi alishaanza kuzitafuna. Mimi nanguruma, hakuna anayesikia neno. Kabinti ka kidato cha kwanza kakazikusanya, kakanijia jukwaani, kakapiga goti: “Shikamoo babu, zako hizi.” Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Siku hiyo tu, sensa ya Ngoswe iliokoka.

Maiki? Tulishakodi, na spika na jenereta, kama elfu themanini hivi, labda zaidi. Ilivuma upepo tupu.

Dawa niliipata Mvumi, kwa mzee aliyetangulia kupiga zeze kabla yetu. Kazee kembamba, sauti ya kawaida, na bado hadi waliosimama nyuma walimsikia. Nikamfuata baadaye.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Wewe ulishaona mtu anapepeta uwele kauelekea upepo?”

“Hapana, babu.”

“Makapi si atayala mwenyewe? Sasa mbona unayala?”

Basi. Tangu siku hiyo nafika mapema, nachota vumbi, naliachia kiunoni, natazama linakokwenda. Huku upepo mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo mgongo wetu unakaa mashariki na watazamaji wanakaa mbele yetu. Alasiri jua linatupiga usoni, tunakonyeza macho kama wezi, lakini hakuna taa nzuri kuliko hiyo. Kisha napaza salamu ya Kigogo, “Mbukwenyi!” Safu ya mwisho ikiitika, tumekaa sawa. Meza kuu iombe ihame kabla wakubwa hawajaketi. Wakishaketi, hawanyanyuki hata kwa baruti.

Na kelele niliacha. Kinjeketile si mtu wa kubweka. Mzimu Hongo kampanda, kasema maneno, akizinduka anakuta watu wameshayageuza kuwa vita ya Maji Maji ya 1905, naye mwenyewe ana shaka. Mtu wa namna hiyo husema chini. Upepo ukivuma sana nakaa kimya, namtazama mtu mmoja mmoja, wanadhani ni uigizaji.

Chamwino ndiko nilikolipiza. Nikainua kibuyu cha maji ya dawa, yale ya kuzuia risasi, niwanyunyizie wapiganaji wangu. Upepo ukiwa mgongoni, maji yakawapita wapiganaji, yakaruka hadi safu ya tatu. Mkuu wa shule akavua miwani, akaifuta, akaivaa, nikamwaga tena. Kelele za shangwe sijapata kuzisikia.

Tunafungasha, akaja kijana wa kidato cha pili na chupa tupu ya soda, anatazama huku na huku.

“Babu, maji yamebaki? Kesho tuna mtihani wa hesabu.”

Kibuyu kilikuwa na kama nusu. Nikamjazia.